Je, Wajua? Mwenye Vyombo Ndiye Mwenye Bendi

Julai 1976 Wachina waliikabidhi rasmi reli ya TAZARA kwa Tanzania na Zambia: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikilikata bonde la Kilombero kwa Kidatu, Ifakara na Mlimba kabla ya kuanza kupanda milima kuelekea Makambako. Mwaka huohuo, mjini Lusaka, vijana wa Dar es Salaam waliojiita Sunburst walirekodi albamu yao *Ave Africa*, yenye magitaa makali ya roki juu ya midundo ya kwetu. Na mwaka huohuo tena, Kanada, vijana watatu wa bendi ya Rush walitoa albamu *2112*, ambayo upande wake wote wa kwanza ni wimbo mmoja wa dakika 20.

Reli bado ipo. Rush walidumu pamoja, watu walewale watatu, hadi mwaka 2015. Sunburst hawakuuona muongo uliofuata.

Safu ya leo inauliza kwa nini bendi moja huishi miaka 40 au 60, na nyingine yenye vipaji vilevile huzimika kabla ya kutimiza 10. Wengi hujibu kwa kutaja nidhamu, pombe, wivu au wanawake. Mimi naanza na swali jingine: vyombo ni vya nani?

Je, wajua kwamba wimbo mrefu kuliko zote wa Rush, ulioleta mafanikio yao, unahusu gitaa lililonyang'anywa?

Rush walianza Toronto mwaka 1968. Safu iliyowapa jina ilikamilika Julai 1974, Neil Peart alipokaa kwenye drams pembeni ya Geddy Lee mwenye besi na sauti, na Alex Lifeson mwenye gitaa. Albamu yao iliyotangulia *2112* iliuza vibaya. Kampuni iliyowasimamia ikawataka waache nyimbo ndefu zenye visa virefu, watunge vitu vifupi vya kupigwa redioni. Wakafanya kinyume kabisa: wakatunga kisa cha sehemu saba kwa wimbo mmoja. Katika kisa hicho, mwaka 2112, makuhani ndio wenye muziki wote duniani. Kijana mmoja anaokota gitaa la kale ndani ya pango nyuma ya maporomoko ya maji, anajifunza kulipiga mwenyewe, anawapelekea makuhani kwa furaha, nao wanaliharibu.

Msomaji wa Sanje, anayeishi chini ya maporomoko ya Udzungwa yanayoshuka mita 170, naomba akisome kisa hicho mara mbili. Kimetungwa na watu ambao hawajawahi kuwa wanamuziki wa shirika la umma, lakini mpigaji yeyote wa Tanzania wa miaka ya 1970 angekielewa bila mkalimani.

Albamu iliuza, na kampuni ikawaachia watunge watakavyo. Kuanzia hapo hakuna aliyewaingilia, na hakuna aliyeondoka. Onyesho la mwisho la wale watatu lilifanyika Los Angeles tarehe 1 Agosti 2015, miaka 41 baada ya Peart kuingia. Peart alifariki Januari 2020.

Je, wajua kwamba wimbo wa dakika nane, wenye sehemu mbili zisizofanana, ni mali yetu ya zamani?

Wapenzi wa roki ya namna ya Rush hujivunia kwamba wimbo wao haukai mahali pamoja: unaanza taratibu, unabadilika, unapanda. Muziki wa dansi wa Tanzania umejengwa hivyohivyo. Sehemu ya kwanza ni ya maneno. Mwimbaji anasimulia, waitikiaji wanamjibu, tarumbeta na saksafoni zinaingia kati ya beti. Kisha, ghafla au kwa ishara ya drams, wimbo unageuka na kuingia kwenye chemko. Maneno yanapungua hadi kubaki vibwagizo, na magitaa yanashika usukani.

Ukitaka kuelewa ufundi wake, chagua wimbo wowote wa bendi ya Mlimani Park au ya JUWATA Jazz na usikilize magitaa peke yake. Gitaa la rizimu hurudia kipande kifupi bila kuchoka, na usipolisikia ujue linafanya kazi yake vizuri. Juu yake solo la pili linapiga kipande kingine kinachoingia kwenye mianya ya lile la kwanza, kiasi kwamba masikio yanaunganisha vipande viwili kuwa sauti moja ambayo hakuna aliyeipiga. Solo lenyewe linakuja mwisho, nyuzi nyembamba za juu, na linaweza kuzunguka wazo moja dakika tatu nzima. Besi haifuati drams kama wengi wanavyodhani. Huruka, huacha nafasi, kisha hutua pale ambapo mchezaji anatarajia kukanyaga. Tumba ndizo zinazoshikilia mwendo. Watu tisa au kumi, na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Urefu huo ulikuwa na sababu ya kiufundi pia. Santuri ndogo za mzunguko wa 45 hazikutosha wimbo mzima, kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa nyuma. Mara nyingi chemko ndilo lililobaki nyuma, na ukumbini ungeona mtu akikimbia kugeuza santuri kabla wachezaji hawajapoa. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi kwenye utepe, na utepe hauna upande wa kugeuza. Ndiyo maana nyimbo zilizorekodiwa RTD zinapumua zaidi.

Je, wajua kwamba mkata miwa wa Kilombero alikuwa na sehemu yake kwenye gitaa la NUTA Jazz?

Hapa ndipo moyo wa habari yote ulipo, nami nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, serikali ilivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi na kuunda chama kimoja tu nchi nzima, NUTA. Mfanyakazi alikatwa ada ya chama kwenye mshahara kabla hajaushika mkononi. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, ambacho kampuni yake ilianzishwa mwaka 1960, kilikuwa na wafanyakazi wengi wa mishahara katika bonde ambalo watu wengine wote waliishi kwa mpunga, samaki na mbao. Mwaka huohuo wa 1964 NUTA ilianzisha bendi yake. Ilinunua magitaa, ampu, drams na tarumbeta, ikaajiri wapigaji na kuwalipa mshahara wa kila mwezi.

Bendi ya namna hii haikuwahi kuonekana. Kabla yake, bendi zilikuwa klabu za wapenzi wanaochangishana. Dar es Salaam Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1932, na nyingine nyingi zilizofuata zilianza kwa mtindo huo: mchana mtu ni karani au fundi cherehani, jioni anapiga. NUTA Jazz ilimfanya mpiga muziki kuwa mwajiriwa. Taasisi nyingine zikaiga haraka: Polisi, Jeshi, Magereza, JKT, Umoja wa Vijana wa TANU uliozaa Vijana Jazz mwaka 1971, kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la bima, shirika la usafiri Dar es Salaam. Ilifika mahali kukawa na bendi kwa kila jengo kubwa la serikali.

Sasa angalia majina. Mwishoni mwa miaka ya 1970 NUTA ikawa JUWATA, na bendi ikawa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 JUWATA ikawa OTTU, na bendi ikawa OTTU Jazz. OTTU nayo ilipoondoka, bendi ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma, ambalo wapenzi walikuwa wakilitumia siku zote bila kujali ubao wa ofisini umeandikwa nini. Wapenzi hao wanaiita Baba ya Muziki. Tangu 1964 hadi leo ni zaidi ya miaka 60. Mpiga solo Saidi Mabera aliingia mwaka 1973 na kuendelea kulishika gitaa hilo kwa miongo, chini ya majina yote yaliyofuata. Bendi chache sana duniani, za roki au za kitu kingine chochote, zina umri huo bila kuvunjika.

Siri yake naiona hivi. Mwanzilishi akifa au akiondoka, kiti chake kilikuwa tayari ni nafasi ya kazi, na nafasi ya kazi hujazwa. TX Moshi William alifariki mwaka 2006, akiwa sauti iliyopendwa kuliko zote katika bendi. Shaaban Dede alifariki mwaka 2017. Kila mara watu walisema Msondo imekwisha, na kila mara Jumamosi iliyofuata kulikuwa na dansi.

Je, wajua kwamba aliyeimba kwa zaidi ya miaka 50 alipata gari kwa zawadi?

Upande wa pili wa ajira ile ni mchungu. Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, aliingia NUTA Jazz mwaka 1964, akawa mmoja wa waanzilishi wa Mlimani Park mwaka 1978, akahamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, kisha akarudi Msondo. Sauti yake imekuwa ndani ya nyumba za Watanzania kwa vizazi vitatu. Alistaafu mwaka 2013 na kueleza hadharani kwamba muziki haukumpa hata gari. Mwaka huohuo Diamond Platnumz, kijana wa Bongo Fleva ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alimzawadia gari. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Hakuibiwa na mtu mmoja. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa: mshahara ulilipia kazi, vyombo vilikuwa vya chama, na wimbo ukisharekodiwa redioni ulipigwa maelfu ya mara bila mtunzi kupata fungu lake. Sheria ya hakimiliki inayotumika sasa, iliyoleta chama cha hakimiliki COSOTA, ni ya mwaka 1999. Wakati huo nyimbo zake kubwa zilikuwa tayari ni za kila mtu. Utaratibu uliompa Gurumo jukwaa kwa nusu karne ndio uliomnyima gari, na sioni namna ya kuusifu upande mmoja bila kuutaja wa pili.

Je, wajua kwamba mtindo ndio mali pekee ambayo mwanamuziki angeweza kuondoka nayo?

Mwaka 1978, wakati Mlimani Park ilipoundwa, wanamuziki waliotoka bendi nyingine kwenda huko hawakuweza kubeba gitaa wala tarumbeta. Vyote vilibaki kwa mwajiri. Waliondoka na sauti zao na akili zao. Mwajiri mpya, kampuni ya teksi na usafiri ya Dar es Salaam, ndiye aliyenunua vyombo. Kampuni hiyo ilipoyumba, mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na ndiyo asili ya jina DDC Mlimani Park.

Ndiyo sababu kila bendi ilijipa mtindo, na jina la mtindo mara nyingi likawa kubwa kuliko jina la bendi. Mlimani Park ni Sikinde. Western Jazz walikuwa na Saboso, Urafiki wakawa na Chakachua, Safari Trippers ya Marijani Rajabu ikawa na Sokomoko, Morogoro Jazz wakawa na Sululu. Msondo na Sikinde zilitokana na majina ya ngoma za Pwani. Kwetu bondeni tuna sangula, ambayo mtu wa Mahenge au Ifakara anaijua kabla hajajua gitaa, na imenisikitisha siku zote kwamba hakuna bendi kubwa ya mjini iliyolichukua jina hilo.

Msondo na Sikinde hushindanishwa ukumbini hadi leo, hasa sikukuu. Mashabiki wao wamegawanyika sawasawa na Simba na Yanga.

Je, wajua kwamba mji wa Morogoro ulikuwa na bendi kuu mbili kabla ya uhuru?

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, Salum Abdallah alianzisha kundi lake ambalo baadaye liliitwa Cuban Marimba. Salum alizaliwa mwaka 1928, baba Mwarabu, mama Mluguru. Santuri za Kuba zilizouzwa katika bandari za Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930 zilimpagawisha kiasi kwamba aliwahi kutoroka nyumbani akitaka kwenda Kuba kwenyewe. Alifika Mombasa, safari ikaishia hapo. Akarudi Morogoro na kuijenga Kuba yake chini ya milima ya Uluguru, kwa Kiswahili, na santuri zake zikasikika Afrika Mashariki nzima. Kwa sisi wa mkoa huu, tulioko mwisho wa barabara ya vumbi, kulikuwa na fahari ya pekee kusikia redio ikitaja Morogoro na si Dar es Salaam.

Salum alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1965, akiwa na miaka 37. Bendi haikufa naye siku ileile. Juma Kilaza aliiongoza kwa miaka kadhaa, kisha akaanzisha yake, TK Lumpopo. Lakini Cuban Marimba ilikuwa imejengwa juu ya mtu, na mtu hapati mrithi kwa tangazo la nafasi ya kazi.

Kisa kilijirudia upande wa wapinzani wao. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, mwaka uleule wa Morogoro Jazz, aliingia katika bendi hiyo katikati ya miaka ya 1960 na kuifanya iwe kubwa nchini. Mwaka 1970 walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka akajitenga na kuanzisha Super Volcano, yake mwenyewe. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, lakini muziki wake ulikuwa ukivuka kila siku kwa mawimbi ya redio. Volcano haikupata moto tena baada ya hapo. Miaka sita ya bendi ya mtu mmoja, na nyimbo ambazo hazijazeeka hadi leo: sijui kama kuna kipimo cha haki cha kulinganisha hilo na miaka 60 ya Msondo.

Je, wajua kwamba magitaa ya Dar es Salaam yalipigwa kwa maji ya upande wetu?

Mtambo wa umeme wa Kidatu, kwenye ukingo wa kaskazini wa bonde, ulianza kuzalisha mwaka 1975 kwa maji ya Ruaha Mkuu, na ulipokamilika ukawa na uwezo wa megawati 204. Mashine zake zimo chini ya ardhi, ndani ya mwamba. Umeme wake ulikwenda Morogoro hadi Dar es Salaam, na kwa miaka mingi ndio uliokuwa nguzo ya gridi ya taifa. Hiyo ndiyo miaka ya dhahabu ya muziki wa dansi. Ampu za Mlimani Park, drams za bendi ya Maquis, vipaza sauti vya kumbi zote za Kinondoni na Ilala, vilitegemea maji yaliyoporomoka Kidatu. Mwaka 2000 ukafuata mtambo wa Kihansi, megawati 180, kusini-magharibi mwa bonde hilihili.

Na mto Kilombero wenyewe ndio unaoupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, maji yanayokwenda kwenye bwawa la Julius Nyerere. Bonde limechangia umeme wa muziki wa taifa zaidi ya lilivyowahi kuhesabiwa, wakati vijiji vyake vingi vilicheza dansi kwa jenereta.

Je, wajua kwamba bendi za mjini zilisafiri kwa kalenda ya mazao?

Kusini zilikwenda wakati wa korosho, Usukumani wakati wa pamba. Kilombero msimu ni wa mpunga, kuanzia Mei kuendelea, magunia yanapotoka shambani na fedha kuzunguka. Sehemu ya viwanda vya sukari ilikuwa na faida ya ziada: tarehe ya mshahara inajulikana. Kiingilio kinalipika hata kama mvua imechelewa.

Gari la vyombo ndilo lililoamua safari iishie wapi. Ampu haipendi vumbi, ngozi ya tumba haipendi unyevu, na bonde la Kilombero lina vyote viwili kwa zamu. Kufika Ifakara ilikuwa shughuli. Kuvuka kwenda Mahenge au Malinyi ilikuwa lazima kusubiri pantoni pamoja na malori ya mbao na abiria wenye madumu, hadi daraja la Magufuli, lenye mita 384, lilipofunguliwa mwaka 2018. Leo gari linavuka kwa dakika moja. Kwa bahati mbaya bendi zenye tarumbeta nne na magitaa manne ndizo zilizopungua. Anayevuka sasa ni mpiga kinanda mmoja na mwimbaji wake, na vyombo vyao vyote vinaenea kwenye buti la gari dogo.

Je, wajua kwamba Zambia ilikuwa na roki yake, na mmoja wa mashujaa wake bado yuko jukwaani?

Ukiifuata TAZARA kutoka Ifakara kuelekea kusini-magharibi hadi mwisho wa reli, umeikaribia Zambia ya Shaba. Miji ya migodi ya huko ilizaa bendi za roki nzito zilizoimba kwa Kiingereza na lugha za kwao. Rais Kaunda aliagiza redio ipige muziki wa Wazambia karibu wote, na vijana waliokua wakimsikiliza Jimi Hendrix wakalitimiza agizo hilo kwa njia yao. Bendi kubwa kuliko zote iliitwa WITCH, ikiongozwa na mwimbaji Emmanuel Chanda, maarufu Jagari, jina alilolichukua kwa kumhusudu Mick Jagger. Nyingine, Musi-O-Tunya, ilikuja hadi Nairobi na kurekodi huko.

Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, fedha za starehe ziliyeyuka. Baadaye UKIMWI ukawachukua wapigaji mmoja baada ya mwingine. Jagari aliacha jukwaa, akafundisha, akachimba vito ardhini. Kisha, baada ya 2010, kampuni ya Marekani ilizitoa upya santuri zao za zamani, dunia ikashtuka, na mzee akaitwa Ulaya na Marekani kuimba mbele ya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipoacha. Mwaka 2023 WITCH walitoa albamu mpya, *Zango*. Wenzake wa safu ya kwanza hawapo. Wapigaji wengi wa sasa ni Wazungu wa rika la watoto wake. Kuna wanaosema hiyo si bendi ileile. Mimi nasema mtu aliyezika wenzake wote ana haki ya kulitumia jina.

Je, wajua kwamba roki ya Dar es Salaam ilipingwa kutoka pande mbili?

Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, ukituhumiwa kuharibu vijana. Hapo ndipo Sunburst walipoanzia, mwaka 1970, wakiwa na mpiga gitaa Hembi Flory Kongo kutoka Kongo na mwimbaji James Mpungo. Kwa walinzi wa utamaduni, gitaa lao lilikuwa la kigeni mno. Kwa wafanyabiashara wa santuri, nyimbo zao zilikuwa za Kiafrika mno kuuzwa kama roki. Hawakuwa na chama, kiwanda wala jeshi nyuma yao. Albamu yao waliifuata Lusaka. Baada ya muda mfupi walitawanyika, na *Ave Africa* ikakaa kimya miaka 40 hadi kampuni ya Strut ya London ilipoitoa tena mwaka 2016. Kwa masikio yangu ni kazi ya ujasiri kuliko yoyote iliyofanywa na bendi ya Kitanzania ya muongo ule, na ninatamani ingepigwa redioni angalau mara moja kwa wiki.

Patrick Balisidya wa Mvumi, Dodoma, alikwenda njia ya karibu na hiyo na bendi yake Afro 70, mtindo wa Afrosa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na Archimedes Badkar, kundi la Uswidi la roki ya majaribio, wakatoa pamoja santuri *Bado Kidogo*. Balisidya alifariki mwaka 2004.

Na Freddie Mercury? Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akaondoka na familia yake baada ya Mapinduzi ya 1964. Bendi yake, Queen, ilianza London mwaka 1970 na safu yao ya watu wanne haikubadilika tangu 1971 hadi alipofariki Novemba 1991. Habari zake zimeandikwa sana, nitaishia hapo.

Je, wajua kanda za RTD ziko wapi?

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo mpaka wa Kenya ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983, njia ya santuri ilibanwa vibaya. Kilichookoa muziki wa miaka hiyo ni studio ya RTD. Bendi ilipewa siku, ikaingia na nyimbo zake zilizokwisha kupikwa ukumbini, ikapiga mara moja au mbili, utepe ukaandikwa jina na kuwekwa rafuni. Kanda hizo ziko Dar es Salaam mikononi mwa shirika la utangazaji TBC, maelfu kwa maelfu. Nyingi zina nyimbo ambazo hazikuwahi kuuzwa dukani hata nakala moja. Utepe huzeeka: unga wa sumaku hubanduka, plastiki hukakamaa, na kanda iliyobaki na uhai mara nyingi huvumilia kupigwa mara moja tu zaidi, na mara hiyo lazima mashine ya kuihamishia kwenye kompyuta iwe imewashwa. Kazi ya kuzihamisha imeanzishwa na kusitishwa na kuanzishwa tena. Watunzi walio hai wanaoweza kusema nani alipiga besi katika kanda ipi wanapungua kila mwaka, na jina la mpiga besi halikuandikwa kwenye boksi.